Jinsi ya kuchambua mwenendo wa ulaji wa chakula bila kujidanganya: mwongozo kamili, kuanzia data mpaka ripoti

Maswali yanayokuja kuhusu hii kazi yanafanana karibu yote. Mtu ana grafu inayopanda vizuri, ameandika "ulaji wa zao fulani umeongezeka kwa asilimia 50", msimamizi wake anauliza swali moja tu na ripoti nzima inaanguka. Mara nyingi shida wala sio hesabu, hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu. Shida ni kwamba mtu kachukua namba bila kujua inapima nini, alafu akaipa jina la ulaji.

Twende hatua kwa hatua. Hatua ya 2 na ya 3 usizipitie juu juu hata kama unajiona mzoefu, manake huko ndo ripoti nyingi zinafia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Programu ya majedwali, Excel au LibreOffice Calc inatosha mpaka hatua ya 7. Ukifika kwenye unyumbufu (hatua ya 8, yaani kiasi ulaji unavyobadilika bei au kipato kikibadilika) itakusaidia ukiwa na programu za takwimu kama R, Python au Stata, ila sio lazima.
- Data za mizania ya chakula (hesabu ya chakula chote cha nchi, tutaieleza hatua ya 2) kutoka FAOSTAT, tovuti ya takwimu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ni bure na hazihitaji kujisajili. Kwenye menyu ya tovuti sehemu yenyewe imeandikwa Food Balances.
- Kama swali lako linahusu kaya: faili la utafiti wa matumizi ya kaya wa nchi husika, PAMOJA na dodoso lake. Faili bila dodoso ni hatari, bora usilifungue.
- Fahirisi ya bei za mlaji ya nchi hiyo (namba inayoonyesha bei za vitu kwa ujumla zimepanda kiasi gani) kwa miaka yote unayoitaka.
- Idadi ya watu kwa kila mwaka, kutoka chanzo kimoja tu. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanafaa.
- Daftari au faili la maandishi la kurekodi kila unachobadilisha. Watu wanalidharau hili alafu baada ya wiki tatu hawajui kwanini jedwali la pili halilingani na la kwanza.

## Hatua ya 1: Andika swali lenye vitu vinne

Nani, chakula gani, kipindi gani, kwa kipimo gani. "Mwenendo wa ulaji wa nyama" hilo sio swali, ni kichwa cha habari. "Je, kilo za nyama kwa mtu kwa mwaka katika nchi hii zimeongezeka kati ya 2010 na 2022, na kama zimeongezeka, kipato kimechangia kiasi gani na bei imechangia kiasi gani?" Hapo unaweza kuanza kazi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuchora jedwali la mwisho likiwa tupu, lina vichwa vya safu na vizio vyake vyote, kabla hujapakua chochote. Ukishindwa kulichora, rudi kwenye swali.

## Hatua ya 2: Amua ni ulaji wa aina gani

Kuna vitu vitatu tofauti na vyote watu wanaviita ulaji.

Cha kwanza ni chakula kilichopatikana nchini. Hiki ndo kinachopimwa na mizania ya FAO: chukua uzalishaji, jumlisha kilichoagizwa nje, toa kilichouzwa nje, rekebisha mabadiliko ya akiba ghalani, alafu toa chakula cha mifugo, mbegu, upotevu, kilichoenda kusindikwa na matumizi mengine. Kinachobaki kinaitwa chakula cha watu, kinagawanywa kwa idadi yao.

Cha pili ni kile ambacho kaya imekipata au kukitumia, yaani ilichonunua, ilichovuna yenyewe na ilichopewa. Hiki kinatoka kwenye tafiti za kaya.

Cha tatu ni kile kilichoingia mdomoni mwa mtu mmoja mmoja. Kinatoka kwenye tafiti za lishe ambazo mtu anaulizwa alichokula saa 24 zilizopita, au chakula kinapimwa kwa mizani kabisa.

Sababu ya kuvitenganisha ni kwamba haviwezi kulingana, na wala havitakiwi kulingana. Mizania inahesabu hata kile kilichotupwa jikoni na mezani, kwa hiyo namba yake huwa kubwa kuliko alichokula mtu. Utafiti wa kaya unaweza kukosa vyakula vilivyoliwa nje ya nyumba. Utafiti wa saa 24 unategemea kumbukumbu, na watu husahau vitafunwa, au wanavisahau makusudi.

Kuna jambo jingine kuhusu mizania ambalo wengi hawalifikirii. Kwa kuwa pande zote za hesabu lazima zilingane, kosa la makadirio ya mavuno au la biashara ya mpakani isiyorekodiwa halipotei hewani, linaweza kuja kujificha humohumo kwenye mstari wa chakula. Kwa hiyo ukiona chakula kwa mtu kimeruka asilimia 20 mwaka mmoja na mwaka unaofuata kimerudi palepale, usiandike kwamba watu walibadilisha mlo. Angalia kwanza uzalishaji wa mwaka huo.

Onyo: usichanganye vyanzo viwili kwenye mstari mmoja wa grafu. Ukichukua mwaka 2010 kutoka mizania na 2020 kutoka utafiti wa kaya, hiyo tofauti unayoiona ni ya vyanzo, watu hawajabadilika chochote.

Mimi msimamo wangu ni huu: kama swali lako ni la nchi nzima kwa miaka mingi, tumia mizania na neno lako liwe "upatikanaji". Kama unataka kujua maskini na matajiri wanatofautianaje, mizania haina jibu kabisa, nenda kwenye kaya.

## Hatua ya 3: Pakua data na utafute mahali zilipokatika

Hapa tukae kidogo.

Mizania ya FAO ipo kwenye mafungu mawili. Kuna la zamani linaloanzia 1961 mpaka 2013, na kuna jipya la kuanzia 2010 kuendelea, lililotengenezwa kwa mbinu tofauti. Mtu anapakua yote mawili, anayaunganisha, anapata mstari mrefu mzuri wa miaka 60 na anafurahi. Ule mruko unaotokea kwenye kiungo anaupa sababu za kiuchumi.

Mfano halisi ni mchele. Kwenye fungu la zamani kuna mstari wa mchele uliohesabiwa baada ya kukobolewa. Kwenye fungu jipya utakutana na mstari wa mchele na bidhaa zake ambao umehesabiwa kama mpunga, yaani ukiwa bado na maganda. FAO hubadilisha mpunga kuwa mchele kwa takriban 0.667. Sasa 1 gawanya kwa 0.667 ni kama 1.5, kwa hiyo ukiunganisha hizo bila kurekebisha unapata ongezeko la asilimia 50 ambalo halijawahi kutokea duniani, hakuna mtu aliyeongeza hata kijiko kimoja kwenye sahani.

Fanya hivi:

1. Pakua mafungu yote mawili lakini yaweke kwenye karatasi tofauti.
2. Kwa miaka inayoingiliana, 2010 hadi 2013, weka namba za zamani na mpya bega kwa bega na ukokotoe uwiano wake.
3. Uwiano ukiwa karibu na 1 miaka yote, unaweza kuunganisha na ukasema hivo kwenye ripoti.
4. Ukiwa mbali na 1 lakini haubadilikibadiliki, tafuta sababu kwanza (kipimo, ukoboaji, bidhaa zilizojumuishwa). Ukiipata, rekebisha.
5. Ukiwa unayumba kila mwaka, usiunganishe. Chora mistari miwili yenye pengo katikati, hamna aibu yoyote.

Angalia pia safu ya alama pembeni ya kila namba. A ni takwimu rasmi, E ni makadirio, I ni namba iliyojazwa kwa hesabu, X imetoka shirika jingine la kimataifa. Zao lako likiwa na I miaka minane mfululizo, ule mwenendo unaouona unaweza kuwa ni fomula ya kujazia tu. Hesabu ni asilimia ngapi ya namba zako zina A, na hiyo asilimia iandike kwenye ripoti.

Ukifanikiwa utakuwa na jedwali moja safi: mwaka, zao, namba, kizio, alama, na chanzo kwenye kila mstari.

## Hatua ya 4: Vizio na idadi ya watu

Uzalishaji kwenye mizania umeandikwa kwa maelfu ya tani, na watu kwa maelfu. Tuseme zao lina 4,500 kwenye mstari wa chakula na watu ni 60,000. Gawanya, unapata tani 0.075 kwa mtu, yaani kilo 75 kwa mwaka, sawa na gramu 205 hivi kwa siku. Fanya hii hesabu kwa mkono kwa mwaka mmoja alafu linganisha na kilo kwa mtu ambazo FAOSTAT wenyewe wameziandika. Zikilingana, umeelewa vizio. Zisipolingana usiendelee.

Kwa kalori: kilo kwa mwaka zidisha kwa kilokalori za kilo moja, gawanya kwa 365. Nafaka yenye kilokalori 3,500 kwa kilo, mtu akipata kilo 100 kwa mwaka, ni kama kilokalori 959 kwa siku. Jumla ya vyakula vyote kwa nchi ikikuletea 900 au 6,000 kwa mtu kwa siku basi kuna kizio umekikosea mahali. Ili uwe na kipimo kichwani, wastani wa dunia kwenye fungu la zamani ulitoka kama 2,200 mwaka 1961 ukafika zaidi ya 2,800 mwaka 2013.

Onyo: usibadilishe chanzo cha idadi ya watu katikati. Makadirio ya watu hurekebishwa kila toleo, na rekebisho dogo tu kwenye idadi linabadilisha kilo za kila mtu hata kama shambani hakuna kilichobadilika.

## Hatua ya 5: Toa mfumuko kwenye bei

Bei iliyopanda kwenye karatasi inaweza kuwa imeshuka kwa uhalisia. Kanuni: bei ya mwaka gawanya kwa fahirisi ya bei za mlaji ya mwaka huohuo, zidisha kwa 100. Bei ikitoka 100 kwenda 180 wakati fahirisi imetoka 100 kwenda 200, bei halisi ni 90, chakula kimekuwa nafuu kwa asilimia 10. Ukiacha hatua hii utaandika "walaji waliendelea kununua licha ya bei kupanda" kumbe ilishuka.

Pia ujue ni bei ya nani. Ya shambani, ya jumla, ya rejareja na ya mpakani ni bei nne tofauti na haziendi pamoja siku zote. Bei za wazalishaji kwenye FAOSTAT ni za shambani. Kama unaeleza mlaji anaamuaje, tumia rejareja, na kama unaeleza mkulima kwanini kapanda zao fulani, tumia ya shambani. Tofauti kati ya hizo mbili yenyewe ni mada nzima, ukiona inapanuka kila mwaka hapo kuna usafiri, usindikaji au madalali wa kuchunguza.

Na ile fahirisi ya bei za chakula ya FAO inayotajwa kwenye habari kila mwezi (2014–2016 = 100, ambayo ilifika kilele Machi 2022) ni ya bei za kimataifa za nafaka, mafuta ya mimea, maziwa, nyama na sukari. Haisemi mlaji wa nchi fulani amelipa kiasi gani dukani. Watu wanaitumia vibaya mno.

## Hatua ya 6: Kama unatumia data za kaya

Soma dodoso kwanza. Waliuliza siku 7 zilizopita au siku 30? Kadiri kipindi kinavyokuwa kirefu ndo watu wanavyosahau zaidi, kwa hiyo utafiti mmoja wa siku 7 na mwingine wa siku 30 huwezi kuulinganisha moja kwa moja hata kama ni nchi ileile na ofisi ileile.

Sifuri sio kosa. Fikiria kaya inayonunua mafuta ya kupikia kila baada ya wiki mbili. Wakati wa mahojiano ya siku 7 imeandikwa haijanunua. Ukiifuta, wastani wako unapanda kwa uongo manake umebakiza walionunua tu. Iache. Kitu cha kufuta ni pale ambapo jibu lenyewe halipo kabisa, na sifuri na jibu lisilokuwepo ni vitu viwili, hakikisha faili lako linavitofautisha.

Chakula cha nje ya nyumba. Kwenye mfumo wa COICOP wa kuainisha matumizi, chakula cha nyumbani kipo kundi la 01 ila cha migahawani kipo kundi la 11. Ukijumlisha kundi la 01 peke yake, watu wa mjini wataonekana wanakula kidogo kuliko uhalisia, na kadiri miaka inavyokwenda ndo kosa linakua, kwa sababu kula nje kunaongezeka na wewe unasoma kama ulaji unashuka.

Kilichozalishwa nyumbani lazima kiingie. Kaya za wakulima bila mazao yao zinaonekana kama hazili.

Kugawanya kwa watu. Kaya ya watu wazima wanne sio sawa na ya mtu mzima mmoja na watoto watatu. Kwa kalori tumia viwango vya kumhesabu kila mtu vinavyotokana na mahitaji ya nishati kwa umri na jinsia. Vile vya OECD, shirika la nchi tajiri, vya 1 kwa mtu mzima wa kwanza, 0.5 kwa mtu mzima mwingine na 0.3 kwa mtoto, vilitengenezwa kwa ajili ya kipato na unafuu wa kuishi pamoja, usivitumie kwenye kalori.

Mwisho, uzito wa sampuli. Kila utafiti una safu ya uzito, inayosema kila kaya iliyohojiwa inawakilisha kaya ngapi za nchi, usipoitumia wastani wako unahusu waliohojiwa, hauhusu nchi. Na kama mahojiano ya utafiti mmoja yalifanyika msimu wa mavuno na mwingine msimu wa njaa, sema hivo waziwazi.

Hapa umefanikiwa pale ambapo kalori kwa mtu mzima zinapanda taratibu kutoka kundi la kipato cha chini kwenda la juu, bila kuruka kwa ajabu. Kundi la juu likitokea na 8,000, tafuta waliochanganya gramu na kilo au waliokuwa na sherehe ya wageni wiki ile.

## Hatua ya 7: Chora, alafu soma bila haraka

Tumia wastani wa miaka mitatu unaosogea ili mwaka mmoja wa ukame usiamue hadithi nzima. Ukikokotoa ukuaji, usichukue mwaka wa kwanza na wa mwisho tu bila kuangalia kama mmojawapo ulikuwa mbaya kupita kiasi, kuanzia mwaka wa ukame kila kitu kinaonekana kimekua.

Mtego mwingine ni sehemu ya bajeti. Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alishaonyesha tangu 1857 kwamba kipato kikipanda, asilimia inayoenda kwenye chakula inashuka. Mtu akiona imeshuka anaandika "watu wanatumia kidogo kwenye chakula". Hapana. Kipato kutoka 1,000 kwenda 1,500 na chakula kutoka 500 kwenda 600: sehemu imeshuka kutoka asilimia 50 mpaka 40 wakati matumizi yenyewe yamepanda asilimia 20. Weka grafu zote mbili pamoja kila mara.

Angalia pia mgawanyo ndani ya kalori. Kipato kikikua, sehemu inayotoka kwenye nafaka na mizizi huelekea kupungua, mafuta, nyama, maziwa na matunda vinaongezeka, jambo ambalo mchumi Merrill Bennett alilieleza mwaka 1941. Jumla ya kalori inaweza kusimama palepale huku mlo wenyewe umegeuka kabisa, na ukichora jumla peke yake hutaona chochote.

## Hatua ya 8: Unyumbufu, kama kweli unauhitaji

Unyumbufu wa bei ni asilimia ambayo kiasi kinabadilika bei ikibadilika kwa asilimia 1. Kwa regresheni (hesabu ya takwimu inayopima kitu kimoja kinavyokwenda na vingine): logi ya kiasi upande mmoja, logi ya bei halisi, logi ya kipato na logi ya bei ya chakula mbadala upande mwingine, na vigawo unavyopata, yaani namba inayozidisha kila logi, ndo unyumbufu wenyewe.

Chakula kikuu kwa kawaida hukaa kati ya 0 na −1 kwa bei. Ukipata +0.8 usianze kutafuta nadharia ya ajabu, sababu ni moja kati ya mbili. Ama bei na kiasi vinasukumana vyote kwa pamoja (mahitaji yamepanda yakapandisha na bei), ama "bei" yako umeipata kwa kugawanya matumizi kwa kiasi cha kila kaya. Hiyo ya pili ina ubora ndani yake, tajiri ananunua mchele ule mzuri kwa bei ya juu, kwa hiyo unapima chaguo lake badala ya bei ya soko. Mchumi Angus Deaton ameliandikia sana hili tangu miaka ya 1980. Njia rahisi ya kupunguza tatizo: tumia bei ya katikati (median) ya eneo badala ya bei ya kaya yenyewe.

Ukiwa na pointi 12 za mwaka mmoja mmoja tu, acha. Eleza mwenendo kwa maneno na grafu, unyumbufu wa pointi 12 hauna maana.

## Hatua ya 9: Makisio ya mbele

Kwa haraka: ukuaji wa mahitaji ni ukuaji wa watu, jumlisha unyumbufu wa kipato uliozidishwa na ukuaji wa kipato kwa mtu. Watu wakikua asilimia 2.5, kipato asilimia 2, na unyumbufu ukiwa 0.6, unapata asilimia 3.7 kwa mwaka. Kanuni hii inachukulia bei halisi haibadiliki, na pia unyumbufu wa kipato hupungua kadiri watu wanavyotajirika, kwa hiyo miaka mitano sawa, miaka thelathini hapana. Toa makisio matatu, la chini, la kati na la juu, na uoneshe ni namba ipi uliyoibadilisha kwenye kila moja.

## Hatua ya 10: Kuandika

Kila grafu iandikwe chini yake chanzo, kizio, miaka, na kama ni upatikanaji, matumizi ya kaya au ulaji wa mtu. Weka aya moja ya mabadiliko uliyofanya kwenye data, ichukue kutoka kwenye lile daftari. Kwenye sentensi za matokeo tumia neno ulilolichagua hatua ya 2 na usilibadilishe njiani, kama ni upatikanaji basi ni upatikanaji mpaka ukurasa wa mwisho, hata kama kichwa cha habari kitapoa kidogo.

Kabla hujatuma, mpe mtu mwingine faili la data na maelezo yako bila kumsaidia, umwambie atengeneze grafu ya kwanza. Akipata mstari uleule, tuma. Akipata tofauti, mara nyingi utakuta ni idadi ya watu au ile miaka ya 2010 hadi 2013 ambayo mafungu mawili yanaingiliana, anzia kuangalia hapo.